Kupakana

Hati ni karatasi ya daftari, ya mwaka sabini na nane,
imekunjwa mara nne, na kila penye kunjo wino umekatika.
Inasema:
Kaskazini, imepakana na mkonge wa kampuni.
Mashariki, na njia ya wachota maji.
Magharibi, na mfenesi.
Kusini, na Singano Mntangi.

Kampuni ilifilisika. Maji yanatoka bombani, njia imeota nyasi.
Mfenesi ulianguka mwaka wa mvua kubwa,
kuni zake zikapikia ubwabwa wa arobaini ya mtu.
Amebaki Singano, upande wa kusini,
na Singano ndiye mdaiwa.

Mimi ni karani. Nimeshika kalamu, faili na ncha moja ya futi kamba.
Tumetoka Tanga mjini na gari la Baraza, tumeshukia Pongwe:
mwenyekiti, wazee wawili wa baraza,
na wakili mwenye viatu visivyopenda tope.
Anasema: mpaka, kisheria, ni mstari usio na unene.
Natazama chini, nautafuta.
Naona minyaa. Naona kandambili moja ya bluu.
Naona kuku wa mdai anachakura kwa mdaiwa.

Bikoni ya kwanza ipo mahali pake. Ya pili
tumeikuta mlangoni pa bafu la Singano, imelala kifudifudi,
imesuguliwa na visigino mpaka ikawa laini kama mche wa sabuni.
"Niliikuta hapo hapo," akasema.
Hakuna aliyecheka.

Neno lenyewe halitulii.
Mpaka ni hapa. Mpaka pia ni hadi lini.
Sheria inayajua yote mawili:
inapima kwa mita, halafu inapima kwa miaka,
na miaka yake ni kumi na miwili.
Ukinyamaza ikapita,
ukimya wako unakuwa uzio wa mwenzio.

"Bi Somoe, minyaa hii ilipandwa lini?"
"Haikupandwa. Ilikuja."
"Ilikuja vipi?"
"Kila masika, shina moja. Kama mgeni
anayesogeza mkeka kuelekea sinia."
"Na wewe ulikuwa wapi?"
Akanyamaza. Nikaandika: amenyamaza.
"Ulianza kuiona mwaka gani?"
"Mwaka ule niliomzika Mwanasiti."
Wakili akahesabu kwa vidole. Kumi na minne.

Tukavuta kamba, na hapo ndipo kamba ilipokataa.
Kutoka bikoni hadi kisiki minyaa imekwenda sawa,
ila katikati imejipinda, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni,
ikazunguka tuta dogo, ikaliacha kwa mama yake,
ikarudi tena kwenye wizi wake.
Tuta lina mashahidi wawili, kichwani na miguuni,
wa mbao, wameliwa na mchwa.
Hao hawakuapishwa.

Nikamtazama Singano. Alikuwa anatazama ile kandambili.
Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema
kwa nini aliyeiba hatua tatu kwa urefu wa shamba
aliacha hatua moja na nusu.

Hukumu ilisomwa Jumanne, mjini, feni ikikwaruza juu yetu.
Dai limepitwa na muda. Mpaka ni minyaa, kama ilivyo leo.
Bi Somoe akafunga kanga yake vizuri, akauliza basi la Pongwe
linapita saa ngapi.
Mimi nikaambiwa nichore ramani ya kiambatisho.
"Hapo ilipopinda," mwenyekiti akasema, "nyoosha.
Ni hatua moja. Ramani isionekane
kama umeichora garini."

Kupakana ni neno la watu wawili.
Hakuna apakanaye peke yake,
kama asivyoweza mtu kujipaka mafuta katikati ya mgongo.

Saa kumi. Mlinzi anafunga madirisha, moja moja.
Rula ninayo. Mstari umetoka bikoni vizuri,
umepita kwenye karatasi bila kutetemeka,
umefika penye tuta,
na mkono umesimama.

Nimechora mpaka hapa.